Kadi Mbili za Kerubo

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za chumba cha rekodi. Wakanipa blanketi na saa ya ukutani, wakaomba, tukala kuku. Yule msichana aliyechukua kiti changu akanishika mkono akasema, "Mama, tuandikie namna mlivyofanya kazi zamani. Mambo mengine hayako kwenye kitabu cha maagizo." Nikamwambia mimi ni wa darasa la nne. Akasema hilo si neno. Haya basi. Ninaandika kama ninavyosema, na mwenye kutaka ufasaha aende kwa binti yangu, yeye ni mwalimu. Watoto wake wananiita magokoro, yaani nyanya, na mkubwa wao amekuwa wa kwanza darasani tangu ashike kalamu. Hilo nalisema mapema nisije nikalirudia.

Mambo ya cheo na mshahara siandiki. Cheo sikupata, na mshahara mnaujua, ni huo huo mnaoulalamikia.

Niliingia hospitali ile ya misheni miaka michache baada ya uhuru. Iko juu mlimani, kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Nyamira, mahali ambapo mvua hunyesha kila mchana kama imeandikwa kazi. Niliingia na ufagio. Mume wangu alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa kifua katika wadi ile ile, nami nilikuwa nimemuuguza mpaka mwisho, kwa hiyo walijua siogopi kikohozi. Walioogopa walikuwa wengi. Wadi ya kifua ilikuwa nyuma kabisa, karibu na migomba, na wafagiaji wenzangu walikuwa wakipita hapo wamefunika pua kama wanapita chooni.

Siku moja niliazimwa jikoni kuchambua maharagwe. Mzee Zablon, karani wa rekodi za wagonjwa wa kifua, akaja akasimama nyuma yangu. Akachota konzi ya yale niliyokwisha kuchambua, akayamwaga kiganjani, akayatazama. Hakupata jiwe.

"Mama, unajua kusoma?"

"Kidogo."

"Kidogo kinatosha. Kesho njoo bila ufagio."

Huyo Mzee Zablon ndiye aliyenifundisha kazi, na wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mrefu, mkavu, Msabato wa kweli, mzee wa kanisa, penseli nyuma ya sikio hata akiwa msibani. Alikuwa na majani chai ekari nzima kwake, na hakuwahi kuionja chai maisha yake yote. Alikunywa maji moto na limau. Nilimwuliza kama si dhambi kuwauzia wengine kile asichokunywa yeye. Akasema, "Nawauzia majani. Maji wanachemsha wenyewe."

Sasa niwaeleze ile kadi, maana nyinyi mnaishika kila siku lakini sioni kama mnaiheshimu. Ni karatasi ngumu, na pembeni mwake pote, juu, chini, kushoto na kulia, kuna matundu madogo yaliyopangana kama shanga. Kila tundu lina maana yake. Hili ni mwanamke. Hili ni pafu la kushoto. Hili ni Magwagwa, lile Nyamache, lile jingine Nyakoe. Ukitaka kusema ndiyo, unachukua koleo, mfano wa lile la kondakta wa basi, unalikata tundu mpaka ukingoni liwe wazi. Ukitaka kusema hapana, unaliacha lilivyo. Basi. Kadi haina neno la tatu. Haijui "labda", haijui "nitakuja kesho". Daktari akitaka wanawake wote, unazipanga kadi, unapitisha waya mrefu kwenye tundu lao, unainua, unatikisa. Zilizokatwa zinaanguka mezani. Zilizobaki zinaning'inia kwenye waya kama nyama buchani.

Kila mgonjwa alikuwa na kadi mbili. Moja ilikaa kwenye droo hospitalini. Ya pili ilikaa kwenye sanduku la bati lililosafiri na Landrova kwenda sokoni siku za dawa. Mwisho wa mwezi, sanduku lilirudi, na kazi yangu mimi ilikuwa moja: kuhakikisha kwamba yaliyo kwenye droo na yaliyo kwenye sanduku ni yale yale. Dawa zilifungwa kwa kufuata kadi. Kadi ikidanganya, mtu anameza dawa ya mwenzake, au hamezi kabisa.

Siku ya kwanza nilitaka kuonyesha ujanja. Nikachukua kadi mbili nyeupe za mgonjwa mpya, nikazishika pamoja kama sandwichi, nikakata zote kwa koleo mara moja. Nikamaliza upesi. Nikazilinganisha, zikafanana kama sarafu mbili. Nikampelekea Mzee Zablon nikiwa nimefura kama kuku wa kutaga.

"Zinafanana," nikasema.

"Zitaachaje? Umekata mbili kwa mkono mmoja." Akachukua karatasi ya daktari, akanionyesha. Nilikuwa nimekata pafu la kulia, daktari aliandika la kushoto. "Sasa kosa lako limezaa mapacha. Na hakuna atakayelijua, kwa sababu pacha mmoja atamshuhudia mwenzake."

Akazichana zote mbili. Tangu siku hiyo ikawa sheria, na bado ni sheria: kadi ya kwanza anakata mtu mmoja kutoka kwenye karatasi ya daktari, na kadi ya pili anakata mtu mwingine kutoka kwenye karatasi ile ile, bila kuiona ya kwanza. Hapo zikifanana, kufanana kwao kuna maana.

Na kulinganisha nako kuna njia yake. Mwisho wa mwezi, kwanza unayasimamisha mafungu mawili ya soko moja, la droo na la sanduku, upande kwa upande, unaweka rula juu. Fungu moja likiwa refu, usijisumbue kulinganisha lolote. Tafuta kwanza kilichozidi. Yakiwa sawa, unachukua kadi moja huku na moja huku, unazigonga mezani mpaka kingo zikutane, unapitisha waya tundu kwa tundu. Unainua. Zote zianguke, au zote zibaki. Moja ikianguka na nyingine ikabaki, simama hapo hapo. Usiendelee kutafuta tofauti ya pili kama mtu anayetafuta sababu ya kupigana. Tofauti moja inatosha. Rudi kwenye karatasi ya daktari. Zikipita matundu yote, unazipeleka dirishani, unazitazama dhidi ya mwanga, uone kama kuna ulimi wa karatasi umejificha.

Kuna mwaka panya waliingia kwenye sanduku wakatafuna kingo, na kwa meno yao wakawageuza wanaume kadhaa wa Nyamache kuwa wanawake. Dereva alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Zablon hakucheka. Alisema panya wale walikuwa na haraka kama mimi.

Kilichotusumbua zaidi ya panya ni maziwa. Kila pakiti ya dawa ilitoka na kopo la maziwa ya unga, kwa sababu dawa ile bila chakula inamwangusha mtu. Njaa ikiwako, watu wakajifunza kujiandikisha mara mbili: hospitalini leo, kwenye Landrova wiki ijayo. Mzee mmoja wa upande wa Nyakoe alijiandikisha mara tatu. Mzee Zablon alimkamata kwa matundu, akamwita mbele ya watu wote.

"Mzee wangu, una mapafu mangapi?"

"Mawili, kama wewe."

"Hapa kwangu una sita. Nikupeleke Nairobi wakuonyeshe kwa wazungu?"

Benchi zima lilikufa kwa kicheko. Ndipo ikawekwa sheria nyingine: kadi mbili za sanduku moja zikifanana kila tundu na kila jina, huyo ni mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili. Moja inakatwa katikati kwa mkasi. Sheria hiyo ilitusaidia. Maziwa yalikuwa machache, na aliyechukua makopo mawili alikuwa amemnyang'anya mgonjwa kitandani. Nasema hivi ili msimwone Mzee Zablon kuwa mtu mbaya kwa hayo yanayofuata.

Miaka ya sabini ilipoanza, palikuwa na mtu wa Magwagwa aliyeitwa Ombongi. Nawaambia sasa lile ambalo sisi hatukuambiwa wakati ule. Ombongi alibatizwa akiwa na mke mmoja, Bosibori, akawa mzee wa kanisa, la Kisabato kama la Mzee Zablon. Alikuwa na mke wa pili, Nyanchoka, ambaye nyumba yake ilikuwa chini, kuelekea mtoni, nyuma ya migomba. Majirani walimjua. Kanisani hakutajwa. Kanisa lao lilimfuta mwanamume wa wake wawili kama unavyofuta ubao.

Na nyinyi ni watoto wa huku, mnajua mambo ya majina. Mtoto hapewi jina la kupendeza masikio. Anapewa jina la aliyekufa, ili arudi nyumbani. Mama yake Ombongi aliitwa Kerubo. Alipokufa, kila nyumba ilikuwa na haki ya kumrudisha. Bosibori akazaa msichana, akamwita Kerubo. Mwaka ule ule Nyanchoka akazaa msichana, akamwita Kerubo. Hakuna aliyeshangaa. Nyanya alikuwa amependwa, amerudi kwa milango miwili.

Wasichana wale wakakua pamoja, wakalala kitanda kimoja, na walipokuwa wanakaribia kuolewa wakaanza kukohoa pamoja.

Bosibori alimleta wake hospitalini, akaandikwa. Wiki chache baadaye Nyanchoka alimpeleka wake kwenye Landrova, sokoni Magwagwa, akaandikwa huko na dresa, yule mfunga vidonda aliyesafiri na dawa. Alipoulizwa jina la baba, alisema la kweli. Mtu aliyeshika mtoto anayetema damu hasemi uongo.

Mwisho wa mwezi nikasimamisha mafungu. La Magwagwa la sanduku likawa refu kuliko la droo. Nikatafuta kilichozidi, nikakipata: Kerubo Ombongi, na tayari nilikuwa na Kerubo Ombongi. Nikazigonga mezani, nikapitisha waya. Mwanamke: zote zikaanguka. Umri: zote. Magwagwa: zote. Pafu la kushoto: zote. Nikazipeleka dirishani. Hapakuwa na uzi wa tofauti. Kijiji kile kile, baba yule yule.

"Zinafanana?" Mzee Zablon akauliza bila kuinua kichwa.

"Zinafanana."

"Kila tundu?"

"Kila tundu, Mzee."

"Mla maziwa mwingine."

Sijutii nilichosema. Niliulizwa kama zinafanana, na zilifanana. Hata leo mkiziweka mbele yangu nitasema vile vile.

Lakini Mzee Zablon hakuwa mtu wa kukata bila kuuliza. Alingoja mpaka Ombongi alipomsindikiza Kerubo wa nyumba kubwa, yule wa Bosibori, kuja kupigwa picha ya kifua. Akamkuta verandani. Benchi lilikuwa limejaa, na kati yao walikuwa akina mama wawili wa kanisa lao.

"Ndugu Ombongi, nyumbani kwako kuna Kerubo wangapi?"

Ombongi aliangalia benchi, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Halafu akatabasamu.

"Mmoja. Huyu unayemwona. Kwani kwako kuna akina Zablon wangapi?"

Watu wakacheka. Mzee Zablon naye akacheka, jambo ambalo nililiona mara chache. Akarudi ndani, akachukua mkasi, akaikata ile kadi ya Magwagwa iliyozidi katikati.

Safari iliyofuata nilikuwa kwenye Landrova mimi mwenyewe, maana dresa alikuwa mgonjwa. Nikaita jina, Bosibori akaja, nikampa pakiti na kopo. Nyuma yake akasimama mwanamke mwembamba, leso imefungwa kiunoni kwa nguvu.

"Na ya kwangu?"

"Jina?"

"Kerubo Ombongi."

"Kerubo Ombongi amekwisha chukua. Yule pale anaondoka nayo."

"Ile ni yake. Mimi nataka ya wangu."

"Mama, kadi ni moja. Dawa inafuata kadi."

Dereva akadakia kutoka kwenye usukani, "Mwambie Magwagwa wafuge ng'ombe, maziwa ya serikali yamekwisha!" Watu wakacheka tena. Kazi yetu ilikuwa na vicheko vingi, mtaona.

Yule mwanamke alifungua mdomo. Bosibori akawa amerudi, akamshika kiwiko, akamwambia kwa Kikisii, pole pole, "Tuondoke. Yatakwisha nyumbani." Wakaondoka pamoja. Nikadhani ni majirani walioshirikiana katika wizi wakaumbuka.

Namna yalivyokwisha nyumbani tuliijua baadaye. Mume wao alikuwa amewakataza kusema. Basi Bosibori alifungua pakiti kwenye ungo, akagawa vidonge: hiki cha wangu, hiki cha wako. Maziwa pia, kijiko kwa kijiko. Mwezi baada ya mwezi. Wasichana wakameza nusu nusu, kila asubuhi, bila kukosa hata siku moja. Bosibori angekuwa mke mwenza mbaya, kama wale wa hadithi za jikoni, msichana mmoja angepona upesi. Lakini alikuwa na moyo. Na ugonjwa wa kifua ukiupiga nusu, haufi. Unajifunza.

Daktari, mama wa Kizungu mwenye miguu mirefu, alimpima Kerubo wa nyumba kubwa akaona mizani haipandi.

"Unameza dawa?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Kila siku, Daktari."

Ilikuwa kweli tupu.

Mvua ndefu zikaja. Siku moja nilikuwa Magwagwa tena, na Kerubo alikuja mwenyewe kuchukua dawa. Alikuwa amekonda lakini amesimama, akacheka kofia ya dereva. Nikampa pakiti mkononi. Asubuhi ya kesho yake wanaume wanne wakapanda mlima wa hospitali na kiti kilichofungwa kwenye miti miwili. Juu ya kiti palikuwa na msichana amefunikwa gunia, na pembeni alitembea yule mwanamke mwembamba, tope mpaka magotini.

"Jina?" nikauliza.

"Kerubo Ombongi."

"Mama, usinichezee. Kerubo nilimpa dawa jana kwa mkono huu."

"Uliyempa ni dada yake."

"Dada yake anaitwa nani?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mjinga.

"Kerubo."

Nikafunua gunia. Sura ilikuwa ile ile, kipaji cha uso kile kile, lakini haikuwa ya yule wa jana. Huyu alikuwa na kovu la moto shavuni, na midomo ya buluu.

Daktari hakungoja kadi. Alimbeba yeye mwenyewe na muuguzi mmoja mpaka wadini. Mzee Zablon alikuwa ametoka na penseli yake, amesikia yote. Ombongi alikuwa amesimama getini, kwenye mvua, hasogei. Mzee Zablon akashuka ngazi, akamwendea bila kofia. Nikamfuata na mwavuli, sijui kwa nini, labda kwa sababu mtu hawezi kusimama tu.

"Ndugu. Nilikuuliza."

"Uliniuliza mbele ya watu."

"Ungenijibu tukiwa wawili?"

Ombongi alipangusa uso. "Wewe ni mzee wa kanisa kama mimi, Zablon. Ningekupa jibu lile, ungelipeleka wapi?"

Mzee Zablon alitoa penseli nyuma ya sikio, akaitia mfukoni. Maji yalimtiririka mpaka ndani ya kola.  Hatimaye akageuka akarudi, na mimi nyuma yake na mwavuli ambao hakuna aliyeuhitaji.

Ndani, tukakata kadi mpya. Yeye akakata moja, mimi nikakata ya pili, kila mtu amempa mwenzake mgongo, kama sheria. Tukazilinganisha, zikafanana. Tukaleta na ile ya dada yake. Zikafanana zote, ila tundu la wadi. Akakaa akizitazama. Kwenye kona ya juu palikuwa na tundu ambalo halikuwahi kutumika tangu kadi zile zije. Akaweka kidole.

"Hili tangu leo ni nyumba ya pili," akasema. "Tutauliza jina la mama. Kila mgonjwa. Na hatutauliza verandani. Watu waingie humu, mlango ufungwe."

Ndiyo sababu mnauliza jina la mama, tena mlango ukiwa umefungwa. Nyinyi mlidhani ni adabu.

Naambiwa siku hizi Nairobi kuna mashine kubwa kama kabati, unaipa mafungu mawili ya kadi, inayalinganisha yenyewe na kukuambia kama ni sawa kabla hujapiga chafya. Vizuri. Ingepewa zile kadi mbili za Magwagwa, ingesema zinafanana, na ingekuwa imesema kweli, kama nilivyosema mimi. Swali la pili mashine haiulizi: hizi kadi zinazofanana, ni za nani? Hilo linataka mtu aende akaulize, na aulize mahali ambapo mwenye jibu anaweza kujibu.

Tuseme yaliyobaki. Kerubo wa nyumba ndogo alilala kitanda cha dirishani. Picha ya kifua chake ilikuwa kama kitambaa kilichotafunwa na mende. Walimchoma sindano, wakampa dawa kamili, pakiti yake mwenyewe yenye jina lake mwenyewe. Nyanchoka alikuwa akikiweka kila kidonge kwenye kiganja cha mtoto kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka. Ugonjwa ulikuwa umeizoea dawa, haukuisikia tena. Msichana hakufikia mavuno ya wimbi. Alikufa asubuhi, wakati mama yake alikuwa ameenda kufua shuka lake, na niliyekuwa pale ni mimi, nimeleta karatasi. Aliniomba maji. Niliporudi nayo, hayakuhitajika.

Tundu la kifo liko chini, upande wa kulia. Mzee Zablon hakuniachia. Alilikata mwenyewe, kwanza kadi ya droo, kisha kadi ya sanduku.

Kaburi halifichiki. Ombongi ilibidi amzike mtoto nyumbani kwake, mbele ya mlango wa mama yake, na kanisa zima likaona mlango ambao lilikuwa limejifanya halijui. Wakamfuta. Nilimwuliza Mzee Zablon kama ni yeye aliyempeleka mbele ya wazee. Akasema, "Nimpeleke na mkasi wangu mkononi?" Hatukuongea habari hiyo tena mpaka alipostaafu, na sasa hayupo.

Akabaki Kerubo wa nyumba kubwa. Ugonjwa wake nao ulikuwa umejifunza. Daktari akamlaza, akaagiza dawa nyingine, sindano kali ambazo zinaponya kifua na kuharibu masikio. Alimwambia Bosibori wazi: atapona labda, kusikia kutapungua hakika. Bosibori akasema, "Asikie nini? Mpe." Msichana akachomwa zaidi ya mwaka. Sherehe za watu wa rika lake zilipita akiwa kitandani. Nyanchoka alikuwa akija kumwona siku za soko, na ndizi mbivu kwenye kikapu. Alikaa mwisho wa kitanda, haongei sana. Muuguzi mgeni alimwuliza ni nani wa mgonjwa. Alisema, "Mama yake." Hakuna aliyemsahihisha.

Siku ya kuruhusiwa ikafika. Hilo lilifanyika verandani, kwa sababu kuruhusiwa ni furaha, haina siri: unasimama mlangoni, unaita jina, mgonjwa anakuja anapokea karatasi yake, watu wanapiga makofi. Mimi ndiye niliyeita siku hiyo. Kerubo alikuwa amekaa kwenye nyasi chini, amenona kidogo, amevaa gauni jipya, anatazama kuku wa mpishi. Bosibori alikuwa kwenye benchi la mbele. Nyanchoka alikuwa kwenye benchi la nyuma na kikapu chake.

"Kerubo Ombongi."

Msichana hakusikia. Aliendelea kutazama kuku.

Nikapaza sauti. "Kerubo Ombongi!"

Wakasimama mama wawili.

Bosibori aligeuka akamwona mwenzake. Akamngoja. Makofi yalikuwa yameanza, yakakatika. Nyanchoka alibaki amesimama kidogo, kikapu mkononi, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Halafu akakaa.